Firigisi ya Mkwe wa Amsterdam

"Mama Tuse, na mkweo akikukuta mlangoni, na nje ni maji matupu, utakimbilia wapi?"

Hilo ndilo swali aliloniuliza jirani yangu Teresia, siku moja ya mwezi wa tisa tukichambua kahawa kwenye chanja nyuma ya nyumba yangu, wiki mbili kabla sijasafiri. Teresia ni Mnamwanga wa Ndalambo aliyeolewa huku kwetu karibu na Mbozi Mission. Ana ndugu pande zote mbili za mpaka wa Zambia, na mdomo wake hauhitaji kibali upande wowote.

Nilimjibu kwamba Mungu aliyewapitisha wana wa Israeli katikati ya bahari hatashindwa kumpitisha mjane mmoja pembeni ya mkwe wake.

"Waisraeli walikuwa wanamkimbia Farao," akasema Teresia. "Wewe unamkimbia baba wa mjukuu wako."

Nikamwambia achambue kahawa.

Lakini swali lilibaki. Binti yangu Tusekile alikwenda Uholanzi kusomea mambo ya kilimo, akaolewa huko huko, katika mji wa Amsterdam. Mahari ililetwa kwa taratibu zote, shemeji yangu Ezron akaipokea kwa niaba ya marehemu mume wangu, lakini mwoaji mwenyewe hakuwahi kufika. Sasa walikuwa wamepata mtoto wa kike, Atupele, na mimi nilikuwa nimeitwa kwenda kumlea mzazi na kumwogesha mtoto, kama mama yeyote anavyofanya. Tofauti ni kwamba mama wengine wanapanda gari la kwenda Vwawa.

Jina la mkwe wangu sitaliandika hapa. Si kwamba silijui. Sisi Wanyiha, kwa jinsi nilivyolelewa, mama hamtaji mkwe wake, hampi mkono, hali naye, na akimwona anakuja njiani anaingia kwenye mahindi na kugeuza uso mpaka apite. Vijana wanadhani ni ugomvi. Ni heshima, na ina mwisho wake: ikifika siku, mama mkwe anampikia kuku mzima, na kichwa chake na miguu yake na firigisi yake, mkwe anakula, anaacha zawadi, na tangu hapo wanasalimiana kwa mkono, ingawa kula meza moja bado hawali. Kwetu tunasema amefunguliwa. Mama yangu alimfungua mume wangu Jairo mwaka wa nne. Katika miaka hiyo minne mama alikanyaga mahindi mengi kuliko ng'ombe wa jirani, na Jairo alikuwa anatembea kijijini kifua mbele, kwa sababu kila mtu aliona jinsi anavyoheshimiwa.

Basi nilifika. Nilivuta mizigo yangu kwenye kile kigari chao cha uwanja wa ndege, na unga wangu wa mahindi na kahawa yangu ndani ya begi. Mbele yangu nikamwona Tuse, mtoto kifuani, na nyuma yake mtu mrefu kama nguzo ya umeme, ameshika maua. Kabla sijamaliza kumshukuru Mungu kwa safari, yule nguzo akaja kwangu na uso umetangulia. Baadaye nilielezwa kwamba kwao ndugu anabusiwa mashavuni, mara tatu. Wakati ule nilichojua ni kwamba mkwe wangu anataka kunigusa uso mbele ya umati. Nikainama nyuma ya kigari kufunga kamba za viatu.

Viatu vyangu havina kamba.

Nilikaa chini pale mpaka Tuse aliposema kwa sauti ndogo, "Mama, simama, watu wanatuangalia." Niliposimama, mkwe alikuwa ameshika maua yake kama mtu aliyetumwa kuyapeleka nyumba nyingine.

Nyumba yao ni boti. Boti ndefu iliyofungwa kwa kamba kando ya mfereji na haiendi popote. Ndani kuna jiko, sebule, vyumba viwili na korido ambayo mimi na kikapu changu hatupiti pamoja. Nikamkumbuka Teresia.

Tuse alinitembeza mjini siku ya pili, mtoto akiwa amelala kwenye kigari chake. Mimi mfereji naujua. Kwetu bondeni nauchimba mwenyewe kwa jembe, upana wake hatua moja, na kazi yake ni kunywesha mboga. Nilipoambiwa huo ni mji wa mifereji nilitegemea kukutana na watu wa bustani. Nikakuta mfereji una boti, una bata, una madaraja juu kila ukikata kona, na hakuna hata tuta moja la mchicha linalomwagiliwa.

"Hii ilichimbwa miaka mia nne iliyopita, mama," Tuse akaniambia kwa majivuno, kama aliichimba yeye.

"Na tangu hapo hakuna hata mmoja aliyewaza kupanda kabichi?"

"Ilikuwa ni ya kupitisha mizigo, mama."

Sikubisha. Ni mji mzuri, lazima niseme ukweli. Nyumba zimebanana, ndefu na nyembamba, na nyingine zimeinama mbele kidogo kama wazee wa ukoo wanaotaka kusikia vizuri mahari inatajwa kiasi gani. Juu kabisa ya kila nyumba kuna ndoano ya chuma, sikujua ya nini. Jioni watu hawafungi mapazia. Unapita njiani unaona baba wa watu anakula viazi, mkewe anakula viazi, na mgeni wao sijui ni mama mkwe, naye anakula viazi meza hiyo hiyo. Nilipita nimeinamisha macho.

Ndani ya boti nilianza kazi ya kumheshimu mkwe wangu, na ilikuwa kazi. Nikisikia hatua zake juu ya ubao wa kuingilia, naingia chumbani. Nikiwa katikati ya korido naye anakuja, naingia chooni. Siku moja nilikaa chooni nikaimba tenzi nne, beti zote, maana alikuwa anatengeneza taa hapo mlangoni. Jioni alikuwa anagonga chumbani kwangu na kusema Kiswahili alichojifunza, "Mama, chakula tayari," nami najibu nimefunga. Nilifunga Jumatatu, nikafunga Jumanne, Jumatano nikaogopa. Mtu anayefunga kila mkwewe anapopika, huyo hamfungii Mungu. Nikatubu, kisha nikala mkate chumbani.

Kibaya zaidi kilikuwa kwa mtoto. Nikimaliza kumwogesha Atupele na kumpaka mafuta, baba yake anakuja na mikono wazi ampokee. Siwezi kumpa mtoto mkono kwa mkono. Basi namlaza kitandani, natoka upande wa pili, ndipo yeye anaingia kumchukua. Nilijiona mtu wa adabu. Sikuwahi kugeuka kuona uso wake.

Wiki ya pili, siku ya Alhamisi, niliwasikia wakizungumza sebuleni. Kiholanzi sikijui, lakini sauti ya mtu aliyeumia haina kabila. Tuse alikuja chumbani kwangu macho mekundu, akakaa kitandani.

"Mama, amesema atakwenda kukaa kwa mama yake, mji mwingine, mpaka utakapoondoka."

"Mimi bado nina miezi miwili hapa."

"Ndiyo. Miezi miwili. Anaondoka Jumamosi jioni." Akajifuta pua kwa kanga yangu. "Anasema humtaki. Anasema alipaka chumba hiki rangi kwa ajili yako, na wewe unamwachia mtoto kitandani kama mtu anayetua mzigo na kukimbia. Anasema pengine ni kwa kuwa yeye ni mzungu."

Mtoto wa wiki nane abaki bila baba yake, na aliyemfukuza ni bibi yake aliyepanda ndege kuja kumlea.

"Tuse, mwanangu. Hukumweleza?"

Akaanza kukunjakunja pindo la kanga.

"Kwamba mkwe anafunguliwa. Kwamba ninampisha. Hukumweleza hata kidogo?"

"Nilisahau, mama."

"Hukusahau. Uliona haya."

Akatazama chini, nikamwona ni yule yule wa darasa la tatu aliyevunja chungu. "Nilidhani ukifika huku utaacha," akasema. "Mpe mkono tu, mama. Mara moja. Yaishe."

"Nikimpa mkono hivi hivi, nitakuwa nimemfanya nini? Mpangaji wako. Baba yako aliheshimiwa miaka minne. Huyu nimnyime kwa sababu anaishi kwenye boti?"

"Basi nitamweleza sasa."

Alikwenda akamweleza. Nilisikia maneno mengi ya Tuse na machache ya mkwe. Akarudi.

"Anasema asante. Lakini haamini. Anadhani nimetunga ili nimtulize."

Usiku huo nilifungua Biblia nikatafuta msaada. Nilikwenda kwa Simoni Petro, maana naye alikuwa na mama mkwe. Imeandikwa mama huyo alikuwa kitandani ana homa, na Bwana Yesu akamwendea akamshika mkono akamwinua. Bwana Yesu ndiye aliyemshika mkono. Simoni mwenyewe haikuandikwa alisimama wapi. Mimi nadhani alikuwa mlangoni, amegeukia nje. Lakini imeandikwa pia kwamba yule mama alipopona aliinuka akawatumikia. Maana yake alipika. Hapo nikapata jibu langu: sitamngoja mpaka aje Mbozi, na miaka minne haipo. Nitamfungua huku huku.

Asubuhi nilimwambia Tuse. Akasema, "Kuku yupo kwenye friji."

Nikamtazama huyo kuku. Hana kichwa, hana miguu, tumboni mtupu kama ngoma. "Huyu firigisi yake iko wapi?"

"Mama, huku wanauza hivyo."

"Mkwe hafunguliwi kwa kuku aliyekwisha kupungua. Itakuwa ni kumwambia naye amepungua."

Wala hakuweza kutumwa mkwe mwenyewe, maana kuku anatoka kwa mama mkwe. Wala Tuse, na mtoto ananyonya kila saa. Ndipo nikamkumbuka mama mmoja wa Suriname, nchi ya Amerika ya Kusini iliyotawaliwa zamani na Waholanzi. Jumapili ya kwanza Tuse alikuwa amenipeleka kwenye ibada ya Wamoravian wa huko, na nilipoona yule Mwanakondoo na bendera yake, nembo ile ile ya kanisa letu la Mbozi, nililia kidogo. Mama huyo mwenye kilemba kikubwa aliketi karibu nami, tukaimba kila mtu na lugha yake, tukamaliza beti pamoja. Tuse akampigia simu. Akasema anajua kuku wa namna hiyo anapatikana wapi, nimsubiri daraja la tatu kutoka botini Jumamosi asubuhi.

Nilikwenda peke yangu, nahesabu madaraja kwa vidole. Daraja la pili njia ilikuwa imefungwa. Watu wawili walikuwa wamefunga kabati kubwa la nguo kwa kamba, kamba imepita kwenye ile ndoano ya juu, na kabati linapanda hewani taratibu likiyumba mbele ya madirisha, mpaka ghorofa ya tatu, likaingizwa dirishani. Nilisimama mpaka limekwisha kuingia. Baadaye nilimuuliza Tuse, akasema ngazi zao za ndani ni nyembamba, kabati halipiti. Basi nikaacha kuwaonea huruma. Watu wanaopitisha kabati dirishani na kuona ni kawaida watashindwaje kuelewa mama mkwe anayepitia chooni?

Sokoni mama wa Suriname alinipeleka kwa muuza kuku, naye akamtoa kuku kamili, kichwa na miguu. Nikafurahi. Kisha akainua kisu amkate kichwa ili anifungie vizuri. Nikamshika mkono. Akanitazama. Nikatikisa kichwa. Kuhusu firigisi, maana tumboni alikuwa ameshasafishwa, nilijigusa hapa chini ya kifua, nikafinya vidole kuonyesha kitu kidogo kigumu, na yule bwana akaniletea kiti nikae akidhani naumwa. Mama wa Suriname alicheka mpaka kilemba kikasogea. Alikuwa ameelewa, akasema neno moja, na firigisi ikaja kwenye kimfuko chake, imeoshwa. Sikupata kujua kwao nani anapewa firigisi, lakini kwa alivyoishika kwa vidole viwili na kuniwekea kikapuni, najua hapewi mtoto.

Niliporudi, begi la mkwe lilikuwa mlangoni, limefungwa.

Nilipika. Kuku nilimchemsha mzima kwa kitunguu na chumvi, nikampanga kwenye sahani kubwa, kichwa kimeinuka, firigisi mbele yake. Ugali niliusonga kwa unga wangu wa Mbozi, na kwa kuwa hakuna mwiko, nilitumia kijiti cha mbao Tuse anachokorogea rangi za ukutani. Nilikiosha mara tatu. Nikafunika yote kwa kitambaa cheupe, nikaweka mezani, nikaingia chumbani na Atupele, nikafunga mlango.

"Mwambie aanze na firigisi," nilimwambia Tuse kupitia mlangoni. "Na wewe usile. Ni vyake. Na mwambie kwetu mkwe huacha kitu mezani, kitenge au blanketi. Kama hana, si kitu."

Boti ikatikisika kidogo wakati mashua ya watalii ikipita, nami nimekaa na mtoto magotini nikisali bila maneno. Tuse aliniambia baadaye kwamba mkwe alifunua kitambaa, na yeye na kichwa cha kuku wakatazamana muda mrefu kila mmoja akingoja mwenzake aanze.

"Anauliza," Tuse akasema mwishowe, "yote haya ni yake? Peke yake?"

"Yote."

"Anauliza ni wangapi wamewahi kupikiwa hivi na wewe."

"Mwambie nina binti mmoja."

Nikasikia kiti kinasogea karibu na meza. Nikasikia kijiko, kisha sikusikia kijiko, nikajua ameanza kutumia mkono. Alikula. Mtoto akalala na kuamka. Halafu nikasikia hatua zinakwenda mlangoni, nikamkumbatia mtoto, maana begi lilikuwa huko. Nikasikia zipu inafunguliwa. Hatua zikarudi.

"Mama," Tuse akaniita. "Toka."

Nikatoka. Mezani, pembeni ya sahani yenye mifupa, kulikuwa na blanketi la sufu la kijivu limekunjwa. Lilikuwa ndilo la juu kabisa kwenye begi lake, la kwenda kulalia kwa mama yake. Yeye alikuwa amesimama kwenye ukuta, mikono ameificha nyuma ya mgongo kama mtoto wa shule, midomo inang'aa mafuta.

"Shikamoo, mama," akasema.

"Marahaba, baba."

Nikanyoosha mkono wangu wa kulia, nikaushika mkono wake. Mkubwa, na ulikuwa na ugali kati ya vidole. Kubusu hakujaribu. Kisha nikamwinua Atupele kutoka begani mwangu, nikampa mkono kwa mkono. Mtu mzima yule, mrefu vile, akageukia dirishani akajifanya anaangalia bata.

Jumapili nilimpigia simu Teresia, nikamweleza yote.

"Kichwa amekula?"

"Kichwa amekiacha."

"Hajafunguliwa huyo. Amefunguliwa shingo kuja chini."

"Amekula firigisi, Teresia. Ameacha blanketi. Begi limerudi kabatini."

"Haya. Lakini kula pamoja bado hamli, sivyo? Sasa asubuhi mkikutana jikoni, na nje ni maji, nani atampisha nani?"

Nilimwambia salio linaisha. Lilikuwa halijaisha.

Jumatatu nilichelewa kuamka, nikaingia jikoni na kikombe changu nikitaka chai. Mkwe alikuwa amekaa pale, sahani mbele yake, anakula mkate ulionyunyizwa chembe za chokoleti. Mtu ana mtoto na anakula hivyo asubuhi, lakini nilishaacha kuhukumu. Nilisimama mlangoni. Nikageuka nusu kurudi.

"Mama," akasema. "Karibu. Keti."

Nje mvua ndogo ilikuwa inanyesha juu ya mfereji. Nikatazama kiti kilichobaki, nikamtazama yeye, nikatazama tena kiti. Aliniangalia kidogo kama anayekumbuka alichofundishwa na Tuse, akafunika kikombe chake kwa kipande cha mkate mvua isiingie, akakishika, akachukua sahani kwa mkono wa pili, akainamisha kichwa asijigonge mlangoni, akatoka nje kwenye manyunyu, akaniachia meza.